Almasi Haina Bei ya Siku

Kila mjadala wa almasi ya mgodi wa Mwadui, Shinyanga, unapoibuka, hoja mbili hutangulia: Serikali iongezewe hisa, na mawe yakatwe na kung'arishwa hapa nchini badala ya kusafirishwa yakiwa ghafi. Zote mbili zina uzito. Makubaliano ya mwaka 2021 ya kupandisha hisa za Serikali mgodini kutoka asilimia 25 hadi 37 yalikuwa hatua ya haki, na anayekumbuka kiwanda cha kukata almasi cha Tancut pale Iringa anajua kwamba Mtanzania akifundishwa kukata almasi, anaikata. Hoja ya tatu, ya wanaotaka fedha za kwanza ziende kwa wathamini, yaani wanaokadiria thamani ya mawe ghafi, haipewi nafasi, pengine kwa sababu haina jengo la kuzindua.

Wenye hoja hiyo huanzia kwenye jambo lisilomsumbua mchimbaji wa dhahabu. Mwenye gramu kumi za dhahabu Geita huweza kuitazama bei ya siku kwenye simu kabla hajakutana na mnunuzi. Mwenye almasi hana pa kuitazama. Mthamini huyamwaga mawe kwenye karatasi nyeupe, hugeuza moja moja kwa kibano na kulichungulia kwa lenzi, akipima rangi, nyufa, madoa ya ndani na umbo litakalobaki baada ya kukatwa, na mawe mawili ya uzito uleule yakaweza kupishana bei mara kumi na zaidi. Mrabaha wa asilimia 6 unaolipwa Serikalini hukokotolewa kutokana na neno lake, na thamani ikikosewa hapo, hata zile asilimia 37 zinagawana pungufu.

Septemba 2017 shehena ya almasi ya Mwadui yenye karati 71,654 (karati ni kipimo cha uzito wa almasi) ilizuiwa katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Nyaraka zilitaja dola milioni 14.8, Serikali ikasema thamani yake ni milioni 29.5. Wengi wetu tulibaki na neno wizi. Jibu la kampuni iliyokuwa ikiendesha mgodi, kwamba uthamini wa awali hufanywa na wathamini wa Serikali yenyewe, halikujadiliwa sana, ingawa ndilo lililopaswa kutukosesha usingizi.

Kisha kuna lile jiwe la rangi ya waridi lililotoka Mwadui. Likiwa ghafi, lenye karati 32.32, liliuzwa mwaka 2021 kwa dola milioni 13.8, Oktoba 2022 almasi ya karati 11.15 iliyotokana nalo ikanunuliwa mnadani Hong Kong kwa dola milioni 57.7. Kwa hesabu ya karati moja, tumetoka kwenye dola 427,000 hivi tukafika zaidi ya milioni 5. Mtetezi wa viwanda atasema tungelikata wenyewe, naye hakosei kabisa, ila asisahau kwamba karibu theluthi mbili za jiwe zilisagika, na kwamba kosa moja la fundi lingeweza kulipasua. Kinachonivutia zaidi ni mkataba wa mauzo: muuzaji alijibakizia nusu ya faida itakayopatikana baada ya jiwe kung'arishwa. Kifungu hicho hakikuhitaji kiwanda; kilihitaji mtu aliyeona ndani ya jiwe ghafi kitakachotoka.

Viwanda vingeleta ajira, hilo halina ubishi, na mthamini aliyewahi kukata hujua mengi kuliko asiyewahi. Lakini kwa mawe ya kawaida tungeshindana na Surat, India, ambako hukatwa takribani almasi tisa kati ya kumi za dunia kwa gharama ndogo. Zamani hata vipande hafifu vilikuwa na soko la uhakika, kwenye vichwa vya kuchoronga miamba na visu vya kukatia vioo. Leo karibu almasi yote ya kazi hizo hutengenezwa na binadamu, na ile ya maabara imeshaingia kwenye pete na kushusha bei. Jiwe la kawaida linapozidi kushuka, gharama ya kulikosea jiwe adimu inazidi kupanda.

Botswana, inayomiliki nusu ya Debswana, kampuni ya kuchimba almasi ambayo nusu nyingine ni ya kampuni ya De Beers, haikuridhika na nusu hiyo. Kwa makubaliano ya mwaka 2011 ilidai pia iuze yenyewe hadi asilimia 15 ya mawe kupitia Kampuni ya Almasi ya Okavango, kwa mnada, ikaanza kujionea bei ambazo wanunuzi wako tayari kulipa. Ilipokaa tena mezani na De Beers ilikuwa na daftari lake la bei, na mkataba uliotiwa saini Februari 2025 unaipa kuanzia asilimia 30 ya mawe iyauze yenyewe.