Kopo Lililobonyezwa Kitako na Bahasha ya Zaka

Owino, soko kubwa la Kampala, rasmi linaitwa St. Balikuddembe. Ni jina la Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa ikulu aliyemkemea Kabaka (mfalme wa Buganda) Mwanga kwa kuagiza Askofu Hannington auawe. Balikuddembe naye akauawa huko Nakivubo tarehe 15 Novemba 1885, wa kwanza kati ya mashahidi Wakatoliki 22 wa Uganda. Kila tarehe 3 Juni watu humiminika Namugongo kuwakumbuka mashahidi hao, wengine wakiwa wametembea siku kadhaa. Mimi naona sehemu ngumu ya kumuenzi shahidi huyu ipo palepale sokoni, kwenye meza ya maharage.

Tazama kopo la kupimia. Kitako kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani, lakini juu muuzaji anajaza mpaka maharage yanamwagika, na mteja anaondoka akishukuru ukarimu. Au tazama mizani ya springi: sahani ni tupu, ila mshale umesimama kwenye gramu 50. Kila kilo inayopimwa hapo ni gramu 950. Tuseme mtu anauza kilo 40 kwa siku, kilo ikiwa shilingi 4,000. Kilo mbili ni za wateja, yaani 8,000. Kwa siku 26 za kazi ni 208,000 kwa mwezi. Fungu la kumi la hizo pekee ni 20,800, nazo zinaingia kwenye bahasha, zinawekwa mikono, zinaombewa baraka.

Nabii Amosi aliwajua watu hawa. Katika sura ya 8 wanangoja sabato iishe wafungue ghala, huku wamekwisha kupunguza kipimo. Ibadani walikuwepo, tena bila kukosa.

Ndiyo maana machozi ya madhabahuni hayanishawishi sana, wala sauti iliyokauka kwa kukesha. Mimi nauliza jambo moja tu: uliyemdhulumu amerudishiwa chake? Balokole, yaani "waliookoka", wa uamsho ulioenea nchini mwetu kuanzia miaka ya 1930 walilielewa hili kuliko sisi. Mtu akiokoka, alirudisha alichoiba. Walikuwa na makosa yao (wengine walikuwa wepesi mno wa kuhukumu wenzao), ila wokovu wao ulionekana mpaka kwa jirani asiyesali.

Kurudisha kuna utaratibu, na Biblia haikuuacha gizani. Walawi 6:5 inasema rudisha kamili, uongeze sehemu ya tano. Ulichukua 50,000, peleka 60,000. Zakayo alijipandishia mwenyewe mpaka mara nne, lakini usianze na hesabu ya Zakayo kama hata ile ya Walawi hujaimaliza. Andika kwenye daftari: nani, nini, kiasi gani, lini. Huna zote? Nenda na ulichonacho, taja kiasi chote, mpatane awamu. Anayengoja mpaka apate zote kwa mkupuo kwa kawaida hafiki.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni mdomo. "Kama nilikukosea, nisamehe" si toba. Hiyo "kama" inamrudishia mwenzako mzigo wa kuthibitisha. Sema, "Nilikupunja maharage mwezi mzima, kipimo changu kilikuwa kibovu na nilijua." Kosa la pili ni kuungama mahali pasipohusika. Dukani umemuibia mama mmoja, ushuhuda unautoa mbele ya watu 300, na yule mama hayumo. Waambie waliohusika kwanza. Na kama dhambi ina mtu mwingine ndani yake, jina lake si lako kulitangaza kwenye kipaza sauti.

Wengine humpelekea mchungaji ile pesa. Hapo Hesabu 5:7-8 haina mzaha: mali hurudi kwa mwenyewe, asipokuwepo, kwa ndugu yake wa karibu, akikosekana hata ndugu, ndipo inakwenda kwa kuhani. Kanisa ni la mwisho kwenye foleni. Mchungaji mwenye kicho angeirudisha hiyo bahasha.

Na wateja usiowajua? Anza na mizani. Chukua pakiti ya sukari ya kilo moja ambayo haijafunguliwa, iweke, usome mshale. Ukipotoka, irekebishwe, kisha ipelekwe kwa wakaguzi wa Shirika la Viwango, UNBS, waithibitishe. Kopo lililobonyea usimpe jirani, litupe. Kisha kadiria ulichowapunja wale usiowajua, uwape maskini kidogo kidogo bila kutangaza.

Usiwasahau walio nyumbani. Dada wa kazi anayedai mshahara wa miezi miwili wakati tajiri wake ameahidi mabati ya kanisa, huyo ndiye madhabahu ya kwanza. Walawi 19:13 haitaki ujira wa kibarua ulale kwako mpaka asubuhi. Mabati yangoje.

Jambo moja hushangaza wengi: unaweza kurudisha zote na nyongeza, na mwenyewe akapokea akihesabu noti mbele yako, asiseme amekusamehe. Ana haki hiyo. Usimtumie wazee wakamlainishe, wala usimsomee mstari wa msamaha. Muage, umwachie namba yako, uende.