Sherehe ya Mtoto Isiyomjali Mtoto

Inanikera sana kuona siku ya kuzaliwa ya mtoto wa miaka 3, hapa Dar es Salaam, ikipambwa kwa mtindo wa mbuga za wanyama na kupangwa kwa ajili ya picha, huku mwenye siku yake akikatazwa kugusa keki yenye umbo la simba hadi mpiga picha amalize kazi. Wazazi huzunguka Kariakoo wakitafuta mapambo ya mbugani, wageni huagizwa wavae kaki, na maputo hujazwa kila kona, ilhali kipande cha puto lililopasuka kinaweza kumkaba mtoto mdogo. Michezo, ambayo ndiyo watoto wameifuata, haipangwi kabisa! Wapeni karatasi na rangi wajitengenezee barakoa za wanyama, na keki ikatwe mapema, kabla hawajaanza kusinzia.