Fanicha za dayorama: kabla hujanunua chochote, pima kitanda chako

Kila nikiona mtu anauliza akanunue wapi fanicha ndogo za dayorama, yaani vile vyumba vidogo vya mfano, natamani nimshike mkono nimpeleke jikoni kwake, maana karibu kila kitu kipo pale, vijiti vya meno, vya mishikaki, boksi la majani ya chai, kopo la soda. Alafu hivo vya kuagiza vingi ni makochi ya Kizungu na meko za ukutani, sasa umejenga nyumba ya Mwanza, sebuleni moto wa kuni ukutani wa nini jamani?

Msimamo wangu ni huu, fanicha ndogo inaharibikia kwenye unene, bei ya ulichotumia haina neno. Mtu anakata meza kwa boksi lile lenye mawimbi ndani, anapaka rangi vizuri kabisa na bado inaonekana toi. Ni hesabu tu. Skeli inayotumika sana kwenye nyumba za midoli ni 1:12, yaani milimita yako moja ni milimita 12 za kweli, kwahiyo boksi la milimita 4 ni ubao wa karibu sentimita 5, nani ana meza ya hivo? Kijiti cha aiskrimu kina kama milimita 2, hapo umepata ubao wa inchi moja kama wanaotumia mafundi fanicha wa Keko, Dar es Salaam. Kijiti cha mshikaki cha milimita 3 ni mguu wa kigoda safi kabisa.

Na sisi 1:12 imetukalia vizuri mno kwasababu vitanda tunanunua kwa futi. Nne kwa sita, tano kwa sita, sita kwa sita, we badilisha futi ziwe inchi umemaliza, huhitaji hata kalkuleta. Vingine chukua tepu: kiti chenye kimo cha kukalia sentimita 45 kinakuwa 3.75, meza ya kimo cha 75 inakuwa 6.25.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kitanda cha kamba. Mifumbati miwili (miti mirefu ya ubavuni), vitakizo viwili (vile vifupi vya kichwani na miguuni), matendegu manne (miguu), vyote vijiti vya mishikaki. Tendegu unalizungusha kwenye msasa uliokunjwa, unabana pale unapotaka pawe pembamba, linatoka na mafundo kama limekerezwa. Kamba chomoa nyuzi kwenye gunia la katani, zipitishe kwenye mshumaa kwanza ili vinyweleo vilale, alafu wamba kweli kwa sindano, usibandike na gundi, na usivute sana maana kitanda kilicholaliwa kinabonyea kidogo katikati na jicho linalijua hilo hata kama mtu hawezi kukuambia ameona nini.

Rangi usikimbilie vanishi. Chai ya rangi kali, paka, iache ikauke. Ukitaka nyeusi loweka kipande cha stilwaya kwenye siki usiku kucha (chupa usiibane kifuniko, inatoa gesi), chuja, paka juu ya ile chai, chuma kikikutana na tanini ya chai mti unageuka mweusi kama mpingo unaona kabisa. Lakini paka kabla ya kuunganisha, gundi nyeupe ikishaingia kwenye mti rangi haishiki tena, panabaki doa. Supa gluu iwekee bati tu, kwenye mti inaacha ukungu mweupe. Na kitenge cha maua makubwa kwa shuka hapana, ua la sentimita 10 hapo ni ua la zaidi ya mita moja.

Wapo wanaosema huu ni mchezo wa watoto. Marekani miaka ya 1940 Frances Glessner Lee alitengeneza vyumba vidogo vya matukio ya vifo, kwa skeli hiyohiyo ya 1:12, vya kufundishia wapelelezi, na mafunzo yaliendelea navyo Baltimore miaka mingi baada yake. Mpelelezi anasoma chumba kwa vitu vilivyomo, kiti kikikosewa kipimo anasoma uongo.

Sasa na sisi vyumba vyetu vinasomeka hivohivo, ila vitu vyake vinaondoka haraka sana. Mbuzi ya kukunia nazi watu wameshahamia blenda. Kuitengeneza ni vipande vya kijiti cha aiskrimu vilivyopishana na pini katikati ili ikunjike, na ulimi wa bati la kopo la soda ukaukata meno kwa mkasi mdogo, bati lenyewe ni jembamba sana kwahiyo likunje mara mbili ndo likae kama chuma. Kwahiyo ukienda kwa bibi Desemba beba tepu, pima na unene, sio urefu na upana tu, hesabu kamba inapita mara ngapi kwenye mfumbati, piga picha kwa pembeni na kwa chini kule viungo vilipo, muulize na nani alikichonga.