Kupokelewa chuo sio kuwa tayari kwa chuo

Mkuu wa shule moja ya Kikatoliki ya kulipia, na ada yake sio ya mchezo, kasimama kwenye mahafali akatangaza kwamba wanafunzi wote wa mwaka wa mwisho wameshapata nafasi vyuo vikuu. Ukumbi mzima makofi, wazazi wengine mpaka machozi. Mi sikupiga, maana pembeni yangu alikaa mpwa wangu aliyemaliza hapohapo mwaka uliopita, na nilikuwa nimeshaisoma insha yake ya kwanza ya chuo.

Kurasa tano. Mhadhiri kajaza pembeni: "Nani kasema?", "Ushahidi uko wapi?", "Hii inahusianaje na swali?", halafu kuanzia ukurasa wa tatu hakuandika tena kitu, kapiga mstari mmoja wa wima mpaka chini. Na huyu mtoto sio mvivu jamani. Sekondari alikuwa anapata A mfululizo, insha zake za zamani bado anazo, alama juu, tiki, na neno "Vizuri", basi. Hamna sentensi hata moja iliyoguswa. Miaka yote ile hakuna mtu aliyekaa naye akamuuliza kwa nini aya hii iko hapa na sio pale.

Hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu Kanisa hili hili ndilo lilikuwa linajua kufanya hiyo kazi kuliko karibu mtu yeyote. Wayesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki, walifungua chuo chao cha Messina, kule Sicily, mwaka 1548, na mwaka 1599 wakatoa mwongozo wa masomo kwa shule zao zote, Ratio Studiorum, na ndani yake mwalimu anaelekezwa kusahihisha kazi ya kuandika pamoja na kila mwanafunzi mmojammoja, kwa sauti ya chini, huku wengine wakiendelea na kazi zao. Mmojammoja! Hiyo ndiyo elimu ngumu ninayoidai mimi, sio lundo la homuweki, sio idadi ya mitihani, sio kumaliza silabasi mapema ili muda uliobaki watu wapige pepa za miaka iliyopita. Mtoto aandike, arudishiwe, aambiwe wapi hoja imevunjika, aandike tena ileile. Asiyewahi kuandika kitu mara ya pili akifika chuo anaona kila alama nyekundu ni kama ametukanwa, na wengi wanaanza kujiona hawana akili wakati hawakufundishwa tu.

Mtaniambia mwalimu ana madarasa matano ya watoto 30, atasahihisha saa ngapi. Sawa, hilo nalikubali, maana insha 150 kwa dakika 10 kila moja ni saa 25, na hapo hajafundisha kitu bado. Lakini basi mpunguzieni madarasa, ajirini wengine, jengo jipya lisubiri. Na sisi wazazi na walezi tuache kumvamia mwalimu ofisini kila mtoto akipata C, kwa sababu tukilipa ada halafu tukadai A, A tutapewa.

Somo la dini ndio kabisa. Shule nyingi somo hilo ni la kupumzikia, ukiwa na tabia nzuri umefaulu, wakati lingeweza kuwa gumu na zuri kuliko yote. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanateolojia mkubwa wa karne ya 13, alipouliza kama Mungu yupo hakuanza na majibu yake, alianza na hoja mbili za kwamba hayupo, ya kwanza ikiwa uovu uliopo duniani, akazipanga vizuri kabisa, ndipo akajibu. Mpe kijana wa miaka 17 kazi hiyo, aandike hoja ya anayempinga mpaka mpinzani mwenyewe akiri kwamba ndivyo anavyoamini, halafu ajibu. Huyo chuo hakimtishi. Na imani yake pia itasimama, maana swali la uovu atakutana nalo tu, awe ameandaliwa au la.

Nidhamu ipo, sibishi. Walimu wanawajua watoto kwa majina, mtoto akipata shida nyumbani kuna mtu atagundua, na hayo yana thamani kubwa. Hesabu na sayansi nazo huwa nafuu kidogo, jibu likikosewa linaonekana.

Ninachotaka shule itangaze mahafali ijayo ni kitu kingine. Wapigieni simu waliomaliza mwaka juzi, muwaulize wangapi wamevuka mwaka wa kwanza bila kurudia kozi, na wapi walikwama. Na wewe unayetafuta shule ya mwanao, ukipelekwa kuona kanisa na maabara, omba pia uonyeshwe insha moja ya mwaka wa mwisho iliyosahihishwa, jina wafunike, uone kalamu ya mwalimu imepita mara ngapi.