Treni ya Ami na bakuli la mbaazi

Ami yangu kastaafu kazi ya reli, ila reli haijamstaafu yeye. Mwanawe alipomletea garimoshi la kuchezea kutoka Ujerumani, watoto walitimuliwa sebuleni, ubao wa mlango mkuukuu ukawa stesheni ya Tanga. Akapima upana wa reli: milimita 16.5. Akazidisha kwa 87, maana ndio kipimo cha udogo wake, akapata kama 1,435.

"Hii SGR, reli pana ya kisasa!" akafoka. "Reli ya Tanga, tangu Mjerumani aanze kuijenga 1893, ni mita moja!"

Alipomaliza kuomboleza akaniita, mie fundi redio wa Ngamiani, nimfungie umeme kwenye sahani ya kugeuzia injini.

Umeme wa volti 12 hupanda kwa reli moja, ukapita kwenye mota, ukashukia reli ya pili. Sahani ikigeuka nusu duara, reli zake hubadilishana upande: chanya yake inakutana na hasi ya nje. Nilimweleza. Akanijibu kwamba miaka yote kazini hajaona injini ikiuliza chanya iko wapi. Nifunge waya mbili, basi.

Uzinduzi ukafika. Majirani, filimbi, bendera ya kijani. Injini ikaingia kwenye sahani, ikageuzwa, ikaanza kutoka kwa maringo. Gurudumu la mbele lilipogusa reli ya nje, la nyuma likiwa bado ndani, shoti! Transfoma ikalia ngiii, ikazima.

"LUKU imeisha," jirani akatoa hukumu. Mama Mdogo akaenda kuangalia. Uniti tele.

Sasa Ami akanisikiliza. Nikakata duara la bati la kopo la maziwa, nikalipasua nusu kwa nusu, kila kipande na waya wake kutoka kwenye transfoma. Chini ya sahani nikafunga kaboni mbili za blenda bovu, moja kwa kila reli. Sahani ikigeuka, kaboni zinabadilishana vipande, umeme unajipanga wenyewe. Mapengo niliyaacha mapana kuliko kaboni, isije moja ikagusa vipande vyote viwili.

Shoti ikaisha kabisa. Lakini kuna jambo: mota hii hufuata umeme wa reli, haijali uso wa injini umeelekea wapi. Ukishaigeuza, sharti ugeuze na swichi ya transfoma, la sivyo itaendelea kule kule ilikokuwa ikienda.

"Ami, swichi..."

Filimbi ikanizima. Ami kafungua moto wote. Injini ikatoka kinyumenyume, ikavuka sahani, ikavuka ukingo wa mlango, ikatua chubwi kwenye mbaazi za nazi alizokuwa akizipakua Mama Mdogo.

"Mume wangu, hizi nazo stesheni?"

Ami akatazama saa yake, akakunja bendera.

"Imeingia Korogwe kabla ya wakati."