Jian Wang: Nani Aliyemlea Mpiga Chelo wa Shanghai?

Habari za Jian Wang, mpiga chelo (ala kubwa ya nyuzi ya jamii ya fidla) wa China aliyezaliwa Xi'an mwaka 1968, husimuliwa mara nyingi kana kwamba zilianza mwaka 1979, pale mpiga fidla wa Marekani Isaac Stern alipozuru Shanghai na kamera zikamnasa mtoto wa miaka 10 akipiga chelo kwa utulivu wa mtu mzima. Filamu ya ziara hiyo, From Mao to Mozart, ilipata tuzo ya Oscar, na mwaka 1985 mfanyabiashara Sau-Wing Lam alimfadhili kijana huyo kwenda Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kusoma kwa mwalimu wa chelo Mbrazili Aldo Parisot. Kwa masimulizi hayo, Wang ni zao la Marekani.

Wanaoshikilia hivyo wana hoja nzito. Mapinduzi ya Utamaduni ya 1966 hadi 1976 yaliupiga marufuku muziki wa Ulaya na kuwadhalilisha walimu wake. Katika filamu hiyohiyo Tan Shuzhen, naibu mkuu wa Chuo cha Muziki cha Shanghai, anasimulia jinsi alivyofungiwa katika chumba kidogo kwa miezi 14, na inaumiza kumsikiliza. Stern mwenyewe alishangaa kuona watoto wadogo wakipiga kwa uhai kuliko vijana wa miaka 17 au 18, tofauti ambayo Tan aliihusisha na miaka ile ya mateso. Chuo kilichotoka katika hali hiyo kilikuwa bado kinajikusanya, na sidhani kama kingeweza kumpa Wang mambo aliyoyapata nje: kurekodi konserto (utungo wa wapigaji wakuu na okestra) ya mtunzi Brahms ya fidla na chelo pamoja na mpiga fidla Gil Shaham na okestra ya Berlin iliyoongozwa na Claudio Abbado, au kupigia chelo iliyotengenezwa na mafundi wa Italia wa ukoo wa Amati mwaka 1622, aliyoazimwa na familia ya Lam.

Hata hivyo, Stern alikuwa mpiga fidla, wala si yeye aliyemfundisha mtoto yule kushika upinde. Kazi hiyo ilianzwa na baba yake, naye mpiga chelo, Wang akiwa na miaka 4, wakati marufuku ilikuwa bado haijaondolewa, kisha ikaendelezwa na walimu wa shule ya msingi ya chuo hicho. Hao ndio walioujenga ule mlio uliowagusa watazamaji, na kuwasahau ni kuwadhulumu mara ya pili. Kwangu mimi, Yale ilimpanua mwanamuziki ambaye Shanghai ilikwisha kumpa msingi.

Leo Wang ni profesa katika chuo hicho cha Shanghai. Wapo watakaosema kwamba China ilinyimwa mwalimu kwa miaka mingi alipokuwa nje, na kwamba msanii anayesafiri kwa matamasha hawezi kukaa na wanafunzi wake kila wiki. La pili nalikubali, kwa sababu kosa la mkono lisiporekebishwa mapema hugeuka mazoea. La kwanza silikubali: anapowafundisha vijana zile sviti sita za mtunzi Bach, yaani mikusanyo ya vipande vya chelo peke yake, ambazo amezirekodi zote, anawapa sikio lililokomazwa na miongo ya jukwaani, na mwalimu ambaye hakuwahi kutoka darasani asingekuwa nalo.