Moshi wa meli tuupime palepale mlangoni

Daladala ikipita Kilwa Road inatema moshi mweusi, abiria wote kituoni wanaziba pua, dereva anatukanwa, trafiki akiamka vibaya anaisimamisha. Meli ikitema wingu jeusi bandarini hapa Dar es Salaam sisi tunatoa simu tunapiga picha. Wakati ukiangalia namba zenyewe utashangaa: dizeli ya magari hapa Afrika Mashariki kiwango chake cha salfa tangu 2015 ni sehemu 50 kwa milioni, ila meli ya kimataifa inaruhusiwa asilimia 0.5, yaani sehemu 5,000 kwa milioni, mara mia ya inayoruhusiwa kwa daladala, na hiyo ndo sheria kali ya IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, iliyoanza 1 Januari 2020, kabla ya hapo ilikuwa asilimia 3.5!

Kwa hiyo sheria ipo. Shida ni nani anaikagua, maana yale mafuta mazito ya zamani ni bei rahisi na huko katikati ya bahari hakuna wa kuchungulia tangi la mtu. Njia tuliyozoea ni mkaguzi apande melini, asome makaratasi, achukue sampuli apeleke maabara, na kwa mtindo huo meli nyingi zitaondoka bila kuguswa. Wadenmark wao wamefunga kipimo cha kunusa kwenye daraja la Great Belt, meli ikipita chini kinavuta hewa na kulinganisha salfa dayoksaidi na kaboni dayoksaidi. Mafuta yakiungua, karibu salfa yote na karibu kaboni yote zinatokea bombani kama gesi hizo mbili, kwa hiyo uwiano wake unakwambia kilichomo kwenye tangi hata kama upepo umeshautawanya moshi. Nahodha wala hajui kama kanuswa. Hicho kipimo hakimtozi mtu faini, kazi yake ni kukuonyesha meli ya kuipandia ikishafunga gati, basi.

Sasa sisi hata daraja hatuhitaji bana. Mlango wa bandari yetu ni mwembamba, kila meli inayoingia lazima ipite kati ya Feri na Kigamboni, karibu kiasi kwamba ukiwa kwenye foleni ya pantoni unasoma jina lake ubavuni bila shida. Weka kipimo kimoja upande huu na kingine ng'ambo, kwa sababu upepo una misimu yake, kusi ikivuma moshi wa bandarini unaletwa Gerezani na Kariakoo, kaskazi ikiingia zamu inakuwa ya Kurasini na Temeke.

Kuna meli zinazofunga mtambo wa kuosha moshi ndani ya bomba, zinaruhusiwa kuendelea na mafuta machafu. Mitambo mingi inaosha kwa maji ya bahari halafu yanarudishwa hukohuko baharini, mimi hii naiona ujanja tu, samaki tunawala sisi.

Halafu kuna moshi wa meli iliyotulia. Ikifunga gati injini kubwa inazimwa, ila jenereta zinaunguruma usiku kucha kwa ajili ya taa, pampu na makontena ya barafu. California wanazilazimisha meli nyingi zichomeke umeme wa nchi kavu au zitafute njia nyingine ya kupunguza huo moshi. Na sisi tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, sasa umeme huo usifike gatini kwa nini? Najua kuna ugumu, meli nyingi zinatumia umeme wa hezi 60, yaani mapigo 60 kwa sekunde, na gridi yetu ni hezi 50, inabidi ununue mtambo wa kubadilisha na sio wa bei ya Kariakoo. Sawa, hilo lisubiri bajeti. Ila kila gati linapojengwa upya pitisheni kabisa mabomba ya nyaya kabla zege halijamwagwa, tusije tukaanza tena kupasua, maana hiyo tabia yetu ya kuweka lami leo na kuichimba kesho tunaijua.